Mabinti wa Matendegu

Baba yangu ni fundi wa kukereza matendegu, miguu ya vitanda, pale Keko. Kama umenunua kitanda cha mninga kando ya barabara yetu katika miaka ishirini hii, huenda unalalia kazi yake kila siku na humjui. Anaitwa Ferdinand. Hana kadi ya biashara, namba yake ya simu haijaandikwa ukutani, na mteja akimsogelea na maswali anamwonyesha kwa kidevu alipo Nurdin. Nurdin ndiye mwenye karakana na ndiye mwenye mdomo. Baba yeye anafunga gogo kwenye mashine, linazunguka, anagusisha patasi, vumbi linamjaa kichwani, na baada ya dakika chache gogo limekuwa tendegu lenye kiuno na tumbo lake. Anafanya hivyo tangu asubuhi mpaka jioni na sijawahi kumsikia akilalamika. Mimi hulalamika kwa niaba yake.

Naitwa Avelina, binti yake wa pili. Napiga msasa na vanishi kwenye karakana hiyohiyo. Nasema mapema kwamba upole wa baba haukunifikia, ili mtu asije akautafuta humu akaukosa.

Binti wa kwanza aliitwa Recho. Alifariki akiwa na miaka saba, mimi nikiwa na mitano. Tuliugua homa wiki moja, kitanda kimoja, chandarua kimoja. Yeye akaenda, mimi nikabaki. Hayo ndiyo niliyoyajua kwa miaka mingi, na sikuwa na wa kumuuliza zaidi, maana nyumbani kwetu jina la Recho likitajwa mama huinuka na kwenda kutafuta kitu jikoni. Picha yake iliyopo ni moja tu, ya ubatizo. Ni kitoto kichanga kimefunikwa hadi kidevuni, na ungeweza kuniambia ni mtoto wa jirani nikakubali.

Mwezi wa nane mwaka ule, mwezi ambao Recho angetimiza miaka minane, baba alirudi nyumbani na kipande cha mninga kilichopasuliwa kwa ajili ya tendegu. Hakukitia kwenye mashine. Alikaa nacho uani siku tatu, na tezo na patasi, na alipomaliza alikuwa amechonga msichana wa miaka minane, amesimama, mikono pembeni. Akamweka kwenye rafu ya sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka redio. Mwaka uliofuata, mwezi uleule, akamchonga wa miaka tisa. Kisha wa kumi. Hakutuambia anafanya nini na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Dada yangu alikuwa anakuzwa.

Vipande vyote vilikuwa vya matendegu, kwa hiyo wasichana wote walikuwa na kimo kimoja, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kilichokua ni uso. Ukianzia kushoto mwa rafu ukatembea polepole, mashavu yanapungua, shingo inarefuka, mdomo unajifunza kunyamaza, macho yanaanza kujua mambo. Nimeona wageni wakiingia, wakatazama rafu ile mara moja tu, kisha wakaomba tukae nje kwenye upepo.

Kuchonga alifundishwa na mjomba wake kule Masasi, kabla hajaja kutafuta maisha Dar. Kwao fundi hurithi kazi kwa mjomba, na mjomba huyo alimwachia masharti mawili ambayo baba anayashika kuliko hata yale ya kanisani. La kwanza, sanamu huanzwa miguuni na uso huja mwisho. Ijue kusimama kwanza ndipo ianze kutazama watu. La pili, aliye hai hachongwi. Anachongwa aliyekwenda, apate mahali pa kusimama. Ukimchonga aliye hai unampunguza, kwa sababu kila kilichoingia kwenye mti kimetoka kwake.

"Mzee Ferdi," Nurdin alikuwa akimtania kila ufikapo mwezi wa nane, mbele ya mafundi wote, "sanamu hailaliwi. Bora hata ungechonga twiga. Twiga ana wateja."

Baba alicheka na kuendelea na kazi. Mtaani hawakutania, walisikitika. Mwanamume mzima anakaa siku tatu kuchonga kitu kisichokaliwa, kisicholiwa, kisichouzwa. Walisema kuna mahali kichwani pamelegea. Wengine walikuja kutuombea, wakafumba macho muda wote wa sala ili wasizione sanamu. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa upande wao.

Nilikuwa na wivu na mti. Mimi ndiye niliyezifuta vumbi sanamu zile kila Jumamosi, maana mama hakuzigusa hata siku moja, wala hakuzitazama. Alipita sebuleni kwetu akiwa ameangalia ukuta wa upande wa pili, na alikuwa amezoea hivyo kiasi kwamba hata ndoo ya maji kichwani haikumsumbua. Mimi niliyekuwa hai, niliyekuwa nakua bure kabisa mbele ya macho ya baba, sikuchongewa hata kidole. Nilipofaulu kidato cha nne alinipa mkono. Mwaka huohuo Recho alipata sanamu ya miaka ishirini yenye nywele za kusuka, msuko mmoja mmoja, kazi ya siku sita.

Lakini wivu ulikuwa afadhali. Kilichokuja baadaye kilikuwa hofu.

Sanamu ya miaka kumi na mbili ilikuwa na fundo la mti juu ya jicho la kushoto. Patasi ya baba iliteleza pale, ikaacha mfereji mdogo katikati ya nyusi. Akajaribu kuuziba kwa gundi na unga wa mbao, haukuzibika. Miaka miwili baadaye, mimi nikiwa na kumi na mbili, niliteleza karakanani nikajigonga kwenye kona ya kitanda, nikashonwa nyuzi tatu. Nyusi, jicho la kushoto. Kovu lipo mpaka leo. Niliporudi nyumbani na plasta usoni nilikwenda moja kwa moja kwenye rafu nikasimama mbele ya yule wa kumi na mbili, nikapitisha kidole kwenye ule mfereji.

Sikumwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba ni bahati mbaya. Kisha baba alimchonga wa miaka kumi na tisa kutoka kwenye kipande kilichopinda, na kwa kuwa msichana alielemea upande, akampa fimbo ya kuegemea, mkono wa kulia. Nilipotimiza kumi na tisa bodaboda ilinivaa nikivuka barabara, na nikatembelea gongo miezi minne. Mkono wa kulia. Baada ya hapo sikujidanganya tena. Recho alikuwa ananitangulia kwa miaka miwili, na kilichompata kwenye mti kilikuwa kinanisubiri mimi barabarani.

Tangu hapo, kila mwezi wa nane, baba alipoenda kunawa mikono mimi nilikuwa nimeshaikagua sanamu mpya kuanzia unyayo hadi utosi, natafuta nitakachougua. Wa ishirini na moja alikuwa mzima. Wa ishirini na mbili alikuwa mzima, ameinamisha kichwa kidogo, nikalala siku kadhaa nikijiuliza kilichomwinamisha.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya ishirini na tatu. Baba alichonga miguu, gauni, mikono, shingo, masikio. Kisha akaacha. Mahali pa uso alipalainisha tu kwa msasa, hapana jicho, hapana pua, hapana mdomo. Akamsimamisha mwisho wa rafu na kurudi kwenye mashine yake. Nilisubiri wiki ya kwanza. Nikasubiri ya pili. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na hesabu hiyo haihitaji karatasi. Nilikuwa nimebakiwa na miaka miwili.

Katika wiki hizo ndipo alipokuja mteja mmoja, dada Lusungu. Alikuja kuchukua kitanda alichokiagiza, gari la kubebea likachelewa, na mimi nikamkaribisha nyumbani kwetu, nyuma tu ya karakana, akae kivulini anywe maji. Hakuomba kukaa nje. Alitembea mbele ya rafu kutoka kushoto kwenda kulia, akarudi kushoto, akatembea tena, glasi mkononi, maji hajayagusa.

"Huyu ni mtu mmoja," akasema.

"Ni dada yangu. Alifariki ana miaka saba."

Nilimwona akihesabu kwa midomo. Kisha akakaa kwenye mkono wa kochi. Baadaye akaniambia kwamba yeye ni mtu wa Tukuyu, na kazi yake ni kuandaa maonyesho ya wachongaji katika ukumbi mmoja kule Kinondoni. Akataka kuonana na baba.

Baba alikuja na vumbi lake. Dada Lusungu aliinuka akampa shikamoo, akamwomba sanamu zote kwa wiki mbili. Si kwa kuuza, akasema, ni watu wazione.

"Waone nini, mwanangu?" baba akauliza. "Ni matendegu hayo."

"Baba, mie nilimzika mdogo wangu mwaka juzi. Tangu siku hiyo nikipika, nikifua, nikiwa kazini, najiuliza sasa hivi angekuwaje. Nilidhani ni kichaa changu peke yangu. Sikujua kama kuna mtu amekaa chini akalijibu swali hilo kwa mikono, mwaka baada ya mwaka. Kuna wenzangu wengi huko nje, baba. Waache waone."

Hakuna mtu aliyewahi kuzungumza hivyo kuhusu rafu yetu. Baba alitazama viatu vyake.

"Zichukue," akasema mwishowe. "Ila ile ya mwisho haina uso."

"Utaimalizia?"

"Hapana."

Neno hilo nililibeba mpaka kesho yake. Saa nne asubuhi umeme ulikatika, mashine zote zikanyamaza, mafundi wakaenda kunywa chai. Baba alibaki ameketi kwenye rundo la mbao, anainoa patasi. Nikamwendea nikiwa na vanishi mpaka kwenye viwiko.

"Baba, ile sanamu imalizie."

"Imekwisha."

"Haina uso."

"Ndivyo ilivyo."

"Baba, mie nina ishirini na moja!" Nilipiga kelele, nadhani hata wauza viti ng'ambo ya barabara walinisikia. Nikamwaga yote. Nikamwonyesha nyusi. Nikamkumbusha gongo. Nikamwambia nimekuwa nikiishi nyuma ya Recho kwa miaka miwili, kila mwaka, na sasa mbele yangu amesimama mtu asiye na uso. "Unaniua," nikamwambia. "Unaniua, na hata kunichonga hujawahi kunichonga."

Nilitegemea anikemee. Badala yake aliiweka patasi chini taratibu.

"Ile nimeiacha kwa ajili yako, Avelina."

"Kwa ajili yangu vipi?"

"Nilipofika usoni nilimwita Recho nimwone, kama ninavyofanyaga miaka yote. Hakuja. Ulikuja wewe. Nikaiweka chini. Kesho yake nikajaribu tena, ukaja wewe tena, na hilo kovu. Nikaenda sebuleni nikaziangalia zile nyingine. Wa ishirini na mbili ni wewe. Wa ishirini na moja ni wewe. Sijui nimeanza lini." Akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi. "Mjomba alinikataza kabisa kumchonga aliye hai. Na mie nimekuchonga miaka na miaka. Hayo ya nyusi, hayo ya mguu, unadhani mie sikuyaona? Niliyaona. Kila mwaka nimekutoa kidogo nikakupeleka upande wa dada yako. Nikasema huu uso mmoja nisiuguse. Huu nikubakishie."

Tulikuwa tumekaa nyumba moja, tukiogopa mti uleule, kila mmoja kwa siri yake. Mimi nilitaka auchonge uso ili nipone, yeye aliuacha ili nipone.

"Na Recho," akasema, "Recho sina tena. Sura yake sina. Natafuta kichwani hapana kitu."

Akalia. Maisha yangu yote nilikuwa nimengoja kusikia kwamba baba ananitazama. Sasa nilikuwa nimesikia, na sikufurahi hata chembe. Nilijiona nimekula chakula cha mwenzangu.

Mchana nilimkuta mama jikoni. Alikuwa amerudi kutoka soko la Mabibo na ndizi zake, anazipanga kwenye mabeseni ya kutembezea. Nikamuuliza bila kuzunguka tangu lini sanamu za baba zinafanana na mimi. Safari hii hakuwa na pa kukimbilia, jikoni alikuwa ameshafika.

"Tangu ya kwanza," akasema.

Akaendelea kupanga ndizi. Nikadhani imekwisha, kisha akaanza kusema, bila kunitazama.

"Asubuhi ile Recho aliamka akanywa uji wote. Akasema mie sijambo, mpelekeni Ave. Wewe ulikuwa umelegea, unaita watu ambao hawapo. Baba yako akakubeba mgongoni akakimbia nawe hospitali, wakakulaza. Mie nikabaki na mwenzio, tunacheza, nikijua huyu kapona. Kesho yake mchana homa ikamrudia. Nikamfunga kanga nikatoka naye. Sikufika naye barabarani."

Aliinua ndizi moja, akaitazama, akairudisha.

"Baba yako alikuja na wewe siku ya mazishi. Watu wakapita kwenye jeneza kumuaga, mmoja mmoja. Yeye hakupita. Alisimama nyuma kabisa, kakupakata, kakukazia macho wewe usoni. Alikuwa anaogopa, na mie nilijua anaogopa nini. Alikuwa na watoto wawili, akabeba mmoja. Ataanzaje kumwangalia yule mwingine? Foleni ikaisha, wakafunga. Mie nilikuwa namwona muda wote. Sasa wewe ulitegemea amchonge nani? Sura aliyotoka nayo pale ni yako."

"Na hukumwambia?"

"Nimwambie nini, Avelina? Kwamba unayemkuza siye? Ndicho kilichokuwa kinamnyanyua asubuhi. Nilichoweza ni kutoziangalia."

Kwa hiyo mama ndiye pekee aliyebaki na Recho, muda wote huo, na hakuwa na wa kugawana naye. Nilitaka kumshika lakini alikuwa ameshaliinua beseni. Na kwa akili ya kawaida hofu yangu ingeishia hapo. Haikuishia. Kujua kwamba sanamu ni mimi hakukunieleza lile kovu, wala gongo. Kulinipa tu hofu ya baba juu ya hofu yangu.

Dada Lusungu alikuja na gari dogo, tukawafunga wasichana kwenye magazeti, mmoja mmoja. Akaniomba niandike kadi za kuweka mbele yao kwa sababu aliona mwandiko wangu kwenye risiti za karakana. Nilikaa na kalamu mchana mzima. Mbele ya wale kumi na tano nilikosa jina. Kuandika Recho kungekuwa uongo. Kuandika Avelina niliogopa. Nikaandika umri peke yake: miaka minane, miaka tisa, miaka kumi, mpaka ishirini na mbili. Mbele ya yule asiye na uso ndipo nilipoandika Recho, bila umri. Huyo angalau hakuwa na sura ya mtu mwingine.

Siku za kwanza walikuja watu wa miwani na mifuko ya kitambaa, wakasema maneno mazuri ambayo nusu yake sikuyaelewa. Siku ya tano akaja Nurdin na mafundi wawili wa Keko. Nikajiandaa kwa utani, nilikuwa hata na jibu tayari. Akatembea mikono nyuma, akapita wa minane, wa tisa, akafika mbele ya wa kumi na nne akasimama. Wenzake wakaendelea. Yeye akabaki.

"Huyu ana ngapi?" akaniuliza, na kadi ipo hapo.

"Kumi na nne, kaka."

"Wangu naye angekuwa kumi na nne. Mwezi wa tatu alitimiza." Akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Alikaa duniani siku moja tu. Hujui hata utamwambia nani. Watu wanakwambia ndiyo hivyo, mtapata mwingine." Kisha akasema, "Na mie namchekaga baba yako."

Nimefanya kazi kwa Nurdin miaka mitatu na sikujua. Siku mbili baadaye alirudi na mkewe, akamwonyesha wa kumi na nne, wakasimama pale wamegusana mabega. Sijui nani aliyepeleka habari, lakini baada ya hapo walianza kuja watu wa kwetu, wa Keko, wa Tandika, wa Mbagala, wenye kanga na wenye sare za kazi. Hawakuzunguka ukumbi. Waliingia wakauliza mlinzi, "Wa miaka kumi na moja yuko wapi?" "Wa kumi na saba?" Wakaenda kwa wao, wakasimama. Mama mmoja alimwambia wa miaka tisa habari za shule. Mlinzi akaanza kuleta viti vya plastiki bila kuagizwa na mtu. Kitu kisicholaliwa wala kuliwa kilikuwa kimepata kazi, na mimi niliyekipiga vita tangu utotoni nilikuwa nimesimama kona nikilia kamasi.

Siku ya mwisho mama alikuja, amevaa gauni lake la kanisani. Sikumwita. Aliwapita wale kumi na tano bila kugeuza shingo, akafika kwa yule wa mwisho, akasoma kadi. Nilidhani nimemkosea, nimempa mtoto wake jina juu ya mti mtupu.

"Mama, hiyo baba hakuimalizia, ndiyo maana mie..."

Akaninyamazisha kwa kiganja. Alikuwa ameanza kuitazama sehemu ile iliyolainishwa, na macho yake hayakutulia mahali pamoja. Yalikwenda juu, yakashuka, yakaenda upande huu, yakarudi upande ule. Nikaelewa kwamba mama anamwona. Kwenye zile nyingine zote kulikuwa na mtu amemkalia nafasi. Hapa palikuwa wazi.

Baba alikuwa mlangoni. Siku zote za maonyesho alikuwa akija kusimama pale, akitazama watu, bila kuzitazama sanamu. Mama alimwita bila kugeuka.

"Baba Recho."

Nilikuwa sijawahi kusikia akimwita hivyo. Kwetu yeye ni Baba Ave. Baba alisogea hatua fupifupi, kofia mkononi, akasimama upande wake wa pili.

"Paji lilikuwa pana," mama akasema. Akanyoosha kidole, na kwa mara ya kwanza akaugusa ule mti. "Pana, limetokeza hapa. La mama yangu. Nyusi chache, hazikukutana. Macho madogo, na moja lilikuwa linafumba kabla ya jingine akicheka. Pua yako, Ferdinand, pua yako kabisa, tulikuwa tunamtania. Hapa alikuwa na kidoti. Meno ya mbele yalikuwa yameota mapya mawili, la tatu alikuwa analisubiri."

Baba alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inarudia kila neno nyuma yake, bila sauti. Mama aliendelea, kidole chake kikitembea polepole kwenye mti laini, mashavu, kidevu, masikio, mpaka hakikubaki kitu. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikimfuatisha kila alipogusa kwa kidole changu usoni kwangu. Paji langu ni jembamba. Nyusi zangu ni nzito. Kidoti sina. Dada yangu hakufanana na mimi hata kidogo.